Dirisha Linalotazama Nakonde

Simu ya Loisi ilikuwa inawaka. Betri imejaa, saa inasomeka, vitufe vinalia vikibonyezwa. Kilichokosekana ni ile mistari mitano ya mtandao, ambayo kwa karibu mwaka mzima haikuwahi kupungua hata mmoja. Alikuwa amerudi Tunduma asubuhi hiyo kutoka bonde la Msangano, alikokaa miezi miwili ya mavuno ya mpunga akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Huko chini hakukuwa na umeme, na pale walipopiga kambi hapakuwa na mtandao, hivyo simu aliizima akaifunga ndani ya kitenge. Sasa aliiwasha kabla hata ya kufungua mzigo wake. Akaiweka mahali pake, kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, akasubiri mistari isimame. Haikusimama.

"Imekufa?" aliuliza mumewe, Anania, kutoka uani, alikokuwa akiziba pancha ya baiskeli ya mtu.

"Haijafa. Haina mtandao."

"Basi imekufa."

Anania Sichone alikuwa mzee wa kanisa na fundi baiskeli, mtu aliyeyatoa maneno kama alivyotoa gundi kwenye kichupa chake, tone moja kwa kila tundu. Jina la mwanawe hakuwa amelitaja tangu mwaka 2013, Edson alipoondoka baada ya ugomvi ambao majirani wote waliusikia na hakuna aliyeuuliza. Edson alivuka mpaka, akaenda kwenye miji ya migodi ya shaba. Mara ya mwisho kupiga ilikuwa Juni ya mwaka 2014, kwa simu ya kuazima.

"Mama, simu yangu imeibwa," alisema siku hiyo. "Namba zote zimepotea. Iliyobaki kichwani ni yako tu, usije ukaibadilisha." Kisha akasema, "Sauti yako inakatikakatika, mama. Tafuta sehemu yenye mtandao."

Siku hiyohiyo Loisi alizunguka nyumba nzima na simu mkononi. Mlangoni mstari mmoja, jikoni miwili, dirisha la barabarani miwili. Kwenye dirisha linalotazama Nakonde, mistari yote mitano. Hapo ndipo simu ilipohamia. Juu ya kioo chake kulikuwa na doa jeusi, kumbukumbu ya siku ilipoanguka kwenye sakafu ya ghala, na doa hilo lilifunika mahali panapoandikwa jina la kampuni. Lakini mistari ilionekana vizuri. Karibu mwaka mzima uliofuata Loisi hakuiondoa hapo ila kwa kuichaji. Hakumwambia mtu kwa nini. Mwanamke anayesubiri mwanawe apige simu, akilisema jambo hilo kwa jirani, kesho atasubiri akiwa anatazamwa.

Jirani ambaye Loisi alimwambia mwishowe, simu ilipokosa mtandao, ni Marta, mshonaji mwenzake wa magunia. Marta alichukua simu yake mwenyewe, akapiga namba ya Loisi, akaweka sauti ya juu ili wote wawili wasikie. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

"Wameifunga, Mama Edson. Ulikuwa unaweka vocha?"

"Vocha ya nini, na mimi simpigii mtu?"

"Ndiyo hivyo. Usipoweka vocha, laini wanaifunga."

"Lakini ilikuwa inawaka kila siku, Marta. Kila siku!"

"Kuwaka si kutumika, dada yangu."

*

Kwenye duka la kampuni ya simu, karibu na maegesho ya malori, Loisi alipewa karatasi yenye namba arobaini na sita. Aliyekuwa akihudumiwa ni wa kumi na tisa. Alikaa kwenye benchi kati ya mbadili fedha aliyeshika mafungu ya kwacha na dereva aliyesinzia, mkoba wake magotini, mpaka akaitwa. Msichana wa dawatini alikuwa na kibandiko kifuani: Rosemary.

"Shikamoo mama. Namba ya laini?"

Loisi aliitaja kwa pumzi moja, kama mtu anayekariri mstari wa Biblia.

Rosemary alibonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena. "Wewe ndiye Stamili Mhoja?"

"Hapana. Mimi ni Loisi Nambela."

"Laini hii haina jina lako, mama. Uliisajili wapi?"

Loisi alieleza. Mwanawe ndiye aliyemnunulia, mnadani Msangano, kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli wa kampuni. Kijana aliwaambia hakuna haja ya kitambulisho, yeye atamaliza kila kitu. Waliona ni hisani.

"Aliisajili kwa kitambulisho cha mtu mwingine," Rosemary alisema, bila ukali. "Wengi walifanya hivyo. Sasa ili nikusaidie, nithibitishie kwamba unaitumia wewe. Nitajie namba tano unazozipiga mara kwa mara."

Loisi alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa na sugu za sindano.

"Hata tatu, mama."

"Mimi sipigi. Mimi napigiwa."

Mbadili fedha, ambaye alikuwa amesogea karibu, alishindwa kujizuia. "Basi hiyo si simu, mama, hiyo ni redio!" Benchi zima lilicheka. Hata dereva alizinduka, akacheka kabla ya kujua kinachochekwa.

"Nani anakupigia?" Rosemary aliuliza, akiinamisha uso.

"Mwanangu."

"Basi nipe namba yake."

"Hana namba. Anaazima za watu."

Rosemary aliiondoa mikono yake kwenye vitufe. "Mlete huyo mwenye jina, na kitambulisho chake. Bila yeye siwezi."

"Anakaa wapi?"

"Hizo ni taarifa za mteja, mama. Ni siri."

"Hata kama laini ipo au haipo, huwezi kuniambia?"

"Hilo nalo ni taarifa. Namba arobaini na saba!"

*

"Nunua nyingine," Anania alisema jioni hiyo, akila. "Laini haifiki bei ya ndoo ya mahindi."

"Na hiyo nyingine ataijuaje?"

"Anayetaka kuja hahitaji namba. Nyumba haijahama."

Loisi aliweka chini kijiko. "Njia ya nyumba hii anaijua, Baba Edson. Hajasahau njia. Anayemwogopa ni wewe."

Anania alimaliza ugali wake taratibu, akanawa, akatoka nje, akawasha tochi na kuikagua baiskeli ambayo alikuwa ameshaimaliza tangu mchana.

Siku tatu baadaye Marta alikuja ghalani na habari nyingine. Majina ya waliojiandikisha kupiga kura yalikuwa yamebandikwa kwenye kuta za ofisi za kata, kila mtu akahakikishe lake kabla ya uchaguzi. Lake lilikuwa limekosewa mwaka wa kuzaliwa. "Wamenipunguzia miaka kumi," alisema, "na mimi nimenyamaza." Wanawake wakacheka. Loisi hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba Mhoja ni jina la Wasukuma, na kwamba Wasukuma wa Msangano, wale waliokuja na ng'ombe wao, nao bila shaka walikuwa wamejiandikisha.

Kesho yake alipanda Fuso lililoteremka bondeni na marobota ya magunia matupu. Dereva alimfahamu, hakumtoza. Alikaa juu ya marobota, kitenge kichwani, akitazama barabara iliyomrudisha nyumbani wiki iliyotangulia ikimrudisha tena ilikomtoa.

*

Ofisi ya kata ya Msangano ilikuwa na ukuta mmoja tu usio na madirisha, na ukuta huo ulikuwa umejaa karatasi. Jua lilikuwa limeanza kuzigeuza rangi. Kona ya chini ya karatasi za mwisho ilikuwa imeliwa na mbuzi, kiasi kwamba wapiga kura kadhaa wa kitongoji cha mtoni hawakuwa na majina tena, ila miaka ya kuzaliwa tu.

Loisi alianza juu kushoto. Alisoma kwa kidole, akitamka kila jina kwa sauti ya chini. Akina Mhoja walikuwa wengi. Alikuwa amefika karatasi ya sita mtu aliposimama nyuma yake.

"Mwapoleni, mama. Umeliona jina lako?"

Alikuwa mtendaji wa kata, Bwana Wilbard, mwenye kalamu mbili mfukoni. Loisi alishtuka kama aliyekutwa akifungua sanduku la mtu.

"Langu liko Tunduma, baba. Hapa natafuta la mwingine. Kama hairuhusiwi, nitaacha."

"Nani kasema hairuhusiwi?" Mtendaji alionekana kushangaa kweli. "Limebandikwa lisomwe. Tangu Jumatatu nimewaona watu wanne tu, na mmoja wao alikuja kujikinga jua. Soma, mama. Jina nani?"

"Stamili Mhoja."

Hakuhitaji ukuta. "Mama mjane yule, ng'ambo ya mfereji. Nyumba yenye zizi la miiba." Kisha akasita. "Si mambo ya polisi tena?"

"Hapana, baba. Ni mambo ya simu."

"Hata ya polisi yalikuwa ya simu," alisema mtendaji.

*

Stamili Mhoja alikuwa akipepeta mchele. Alikuwa mzee kuliko Loisi kwa miaka isiyozidi kumi, mwembamba, ushungi mweupe kichwani, na alipomwona mgeni mwenye mkoba aliuweka ungo chini akasimama nyuma yake kana kwamba ungo ungemkinga.

"Mwangaluka," Loisi alisalimu, kwa neno pekee la Kisukuma alilolijua, ingawa asubuhi ilikuwa imepita.

"Karibu, dada. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nina laini ya simu yenye jina lako."

"Na wewe!" Stamili alikaa chini tena, taratibu. "Mwaka juzi alikuja askari. Anasema nimemtapeli mtu wa Mbeya kwa ujumbe wa simu. Nikamwambia, afande, mimi kusoma najua kwa shida, simu sina, Mbeya sijafika. Akaingia ndani, akatafuta simu mpaka kwenye kihenge. Hakuna. Akala mihogo, akaondoka."

"Kijana wa mnadani aliipataje kadi yako?"

"Alikuja na mche wa sabuni. Anasema kampuni inawagawia akina mama wenye vichinjio." Ndivyo watu walivyoziita kadi za kupigia kura. "Akanakili namba, akanipiga picha. Nikafua na sabuni ile wiki mbili. Sikujua nafua kwa jina langu."

Loisi alimweleza yote: Edson, simu ya kuazima, dirisha, mistari mitano, msichana wa dawatini. Hakuwahi kuyaeleza yote kwa mtu mmoja kabla ya siku ile. Stamili alisikiliza akiokota vijiwe kwenye mchele, na hadithi ilipokwisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo mtoto, ana ndugu?"

"Ni yeye tu."

Stamili aliingia ndani, akatoka na kadi iliyofungwa kwenye nailoni. "Huko juu wanasema kuna baridi," alisema. "Niazime kitenge."

*

Safari hii karatasi yao ilikuwa na namba kumi na mbili. Rosemary aliwatambua, au alimtambua Loisi, na kitu kama furaha kilipita usoni mwake alipoona kadi mezani. Alilinganisha jina, akalinganisha picha.

"Asante kwa kuja, mama Stamili. Una laini ishirini na tatu kwa jina lako, unajua?"

Stamili alimgeukia Loisi kuhakikisha amesikia sawasawa. "Watu ishirini na watatu wanatembea na jina langu," alisema, "na hakuna aliyewahi kuja kunisalimu ila huyu."

Rosemary alikuwa ameanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. "Hii namba ilifungwa mwezi wa tano. Haikuwekwa vocha muda mrefu. Mwezi wa sita ikauzwa upya, ina mtu."

"Inauzwaje?" Loisi aliuliza. "Ilikuwa kwangu. Ilikuwa na mistari mitano."

"Mistari haikuwa yetu, mama. Hapa inaonyesha miezi kumi na moja haikushika mnara wetu. Ilishika wa Zambia. Unakaa karibu na mpaka?"

"Mtaa wa juu. Dirisha linatazama Nakonde."

"Basi ndiyo sababu. Simu ikishika mnara wa wenzetu inahesabiwa kwamba umesafiri. Hata kupokea unakatwa. Kama huna salio, simu haiingii. Anayekupigia anaambiwa hupatikani."

"Miezi yote hiyo?"

"Miezi yote hiyo."

Stamili aliegemea dawati kwa viwiko vyote viwili. "Kumbe mlijua mpaka dirisha lake. Binti yangu, siku ile alipokuja peke yake, kwa nini hukumwambia?"

"Siku ile hakuwa mwenye laini, mama. Nisingeruhusiwa."

"Na leo?"

"Leo amekuja na wewe."

Rosemary alimsajilia Loisi laini mpya, kwa jina lake mwenyewe, na akalipa gharama yake kutoka kwenye pochi yake bila kutaja. Ilikuwa namba nzuri, yenye sifuri nyingi, rahisi kukumbuka. Hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyeikumbuka.

*

Stamili alilala kwao usiku mmoja, akarudi bondeni na Fuso na kitenge ambacho Loisi alikataa kurudishiwa. Nyumba ikawa kimya tena, kimya cha watu wawili. Simu sasa ilikaa kwenye dirisha la barabarani, na mistari yake miwili.

Jumapili, baada ya ibada, Loisi aliamua kuipigia namba yake ya zamani. Aligundua jambo la ajabu: alikuwa ameitaja kwa mdomo maisha yake yote ya simu, lakini hakuwahi kuibonyeza. Vidole havikuijua. Akakosea, akafuta, akakosea tena. Ndipo sauti ya Anania ikatoka uani, juu ya gurudumu lililokuwa likizunguka, ikitaja tarakimu moja baada ya nyingine mpaka mwisho, bila kusita.

Loisi alimtazama. Yeye alilitazama gurudumu.

Iliita. Ilipokelewa na mwanamume, na nyuma yake kulikuwa na upepo mwingi.

"Halo! Nani mwenzangu? Ongea haraka, niko kilimani, mtandao wa huku kwetu unapatikana kwa kuufuata."

"Habari za huko, baba. Naitwa Loisi, niko Tunduma. Hiyo namba unayotumia ilikuwa yangu."

"Ahaa! Mimi ni Efraimu, wa Ibaba. Nimeinunua mwezi wa sita, mama, kwa halali kabisa, risiti ninayo."

"Sikudai, baba. Nauliza tu. Hakuna kijana aliyewahi kupiga akiniulizia?"

"Yupo," Efraimu alisema. "Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza akasema, 'Shikamoo baba.' Nikaitika, kijana akikusalimu unaitika. Kisha akasema, 'Baba, najua hutaki kunisikia, lakini nataka kurudi nyumbani.' Nikamwambia, wewe kijana umekosea namba."

Gurudumu lilikuwa limesimama. Anania alikuwa mlangoni, mikono yake myeusi kwa grisi ikining'inia.

"Na mara ya pili?" Loisi aliuliza.

"Akasema, 'Basi niitie mama tu.' Nikasema hapa hakuna mama yako, usinipigie tena. Nilikuwa mkali kidogo, mama, ng'ombe alikuwa ameingia kwenye viazi. Mara ya tatu hakusema kitu. Nilisikia magari, na mtu anapumua. Kisha akakata. Sasa mwezi umepita."

"Namba alizopigia?"

"Za nje, na kila mara tofauti. Hii simu yangu ndogo haitunzi, zimeshafutika. Mama, laiti ningejua. Lakini alinisalimu vizuri sana. Nilidhani ana baba yake mahali."

Anania alinyoosha mkono. Loisi alimpa simu, na grisi ikabaki kwenye vitufe. Mzee yule aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio.

"Ndugu Efraimu," alisema. "Mimi ndiye baba yake. Akipiga tena, usimwambie amekosea namba."

"Namba yenu hii nitampa. Nimwambie nini, mzee?"

Anania alitazama nje, kwenye bati za Nakonde zilizokuwa ziking'aa ng'ambo ya mpaka.

"Mwambie hakukosea."

*

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Anania hununua vocha dukani kwa mkono wake, hukaa kwenye kigoda chini ya dirisha la barabarani, na kubonyeza. Mara nyingi Efraimu hapatikani, maana kilimani hupanda siku za gulio tu au hali ya hewa inaporuhusu. Akipatikana, Anania humuuliza kwanza habari za viazi, kisha za mvua, kisha za yule ng'ombe. Loisi husikiliza akiwa jikoni, hachochei moto mpaka wamalize. Rosemary angemuuliza mzee huyu leo namba anayoipiga mara kwa mara, angekuwa nayo moja ya kumtajia.

"Hakuna aliyepiga?" Anania huuliza mwishoni, kama jambo lililomtoka akilini likamrudia.

"Hakuna, mzee."

"Akipiga, mwambie hakukosea namba."

Na Efraimu wa Ibaba, ambaye ameyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi cha kuweza kumtangulia kuyasema, humwacha ayamalize, kisha humjibu kana kwamba ndiyo kwanza ameagizwa: "Nitamwambia, mzee. Nitamwambia."